Semina ya Uchovu

Hospitali iligundua kwamba wauguzi wake wamechoka, na kwa kuwa ni hospitali yenye huruma, ikawaitia semina. Semina yenyewe iliwekwa asubuhi, mara baada ya zamu ya usiku, ili wale waliochoka kuliko wote wasikose. Waliotoka zamu waliruhusiwa kukimbia nyumbani, kunawa uso, kubadilisha nguo na kurudi kabla mgeni rasmi hajafungua. Kulala hakukutajwa kwenye tangazo. Pengine karatasi ilikuwa imejaa.

Sista alikaa safu ya katikati, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kukanyaga miguu ya watu. Mtaani kwake kila mtu alimwita Sista, mumewe akiwemo, na hata watoto wa jirani waliamini kwamba alizaliwa na kofia nyeupe. Usiku huo alikuwa ameunga. Kuunga maana yake ni hivi: unaingia zamu ya mchana, mwenzako wa usiku haji, Metroni anakuja kukushika bega na kusema, "Unga tu, mwanangu, Mungu anakuona." Kisha Metroni anakwenda kulala, na Mungu anabaki kukuona.

Mlangoni kulikuwa na kapu. Katibu wa hospitali, mtu wa tai pana na usingizi wa kutosha, alikuwa ameagiza simu zote ziingie humo, kwani uchunguzi wake mwenyewe ulionyesha kuwa simu ndiyo chanzo kikuu cha uchovu. Karani akazipokea moja moja kama mtu anayeokota mayai.

Mtaalamu alikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alikuwa kijana mpole, na kosa lake lilikuwa moja tu: alisema ukweli mapema mno. Aliandika ubaoni mambo yanayomweka muuguzi katika hatari ya kuchoka. Zamu ndefu. Zamu za usiku zinazofuatana. Wafanyakazi wachache. Kukosa muda wa kula. Kuwa na mgonjwa mwingine nyumbani.

Ukumbi ukaitikia kwa vichwa. Katibu akasimama.

"Mtaalamu, naomba kurekebisha kidogo, si kwa ubaya. Hiyo ya zamu ndefu ni suala la ratiba, lina kamati yake. Wafanyakazi wachache ni suala la ngazi za juu. Kula, mtu anakula kwake. Mgonjwa wa nyumbani hatukumleta sisi."

Alitembea mpaka ubaoni na kufuta kwa kiganja, kwa heshima zote. Ubao ukabaki mweupe. Baada ya kufikiri, akaandika mwenyewe: "Kutokunywa maji. Mawazo hasi." Semina ikaendelea kwa uhuru mkubwa.

Likaja zoezi la kupumzika. Mtaalamu aliwaomba wafumbe macho na kuvuta pumzi taratibu. Walifumba. Kabla hajafika kwenye kutoa pumzi, safu nzima ya nyuma ilikuwa imekwisha ondoka duniani, na muuguzi mmoja mrefu, aliyeitwa Mrefu kwa sababu hiyo hiyo, alikuwa anakoroma kama jenereta linalokataa kuwaka.

"Unaona?" Katibu alimnong'oneza mgeni rasmi. "Linafanya kazi."

Walipoamshwa, Mtaalamu alikuwa amefika kwenye dalili. "Mtu aliyechoka sana," alisema, "hujibu bila kusikia. Unamwambia jambo, anakuitikia vizuri kabisa, anakushukuru, na hakuna kilichoingia. Halafu anarudia kazi iliyokwisha fanywa. Ubongo umelala, mikono inafanya kazi."

Watu wakacheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Sista naye akacheka, akachelewa kidogo, na kicheko kikamfia mdomoni.

Pamba. Asubuhi ile, alipopita nyumbani kunawa uso, alikuwa amemchoma mama mkwe wake sindano ya kushusha sukari kama kila siku. Na kabla ya kumchoma, alibandua kipande cha pamba kwenye mkono wa yule mama ili apate mahali pa kusafisha. Pamba mbichi, yenye kidoa cha damu. Mama mkwe akauliza, "Tena?"

Nani aliiweka ile pamba?

Akasimama. Akaanza kukanyaga miguu ya watu.

"Sista," Katibu aliita kutoka mbele, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia kwa mbuzi aliyeingia ofisini, "unakwenda wapi? Vyeti vinatolewa mwishoni."

"Naomba simu yangu."

"Simu zinatolewa baada ya neno la shukrani," akasema Karani, akilikumbatia kapu.

Kapu likaanza kulia. Lililia kwa mlio ambao Sista aliujua, mlio wa mumewe, na Karani akalitazama kama mtu ambaye mayai yake yameanza kuangua. Sista akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Wewe mwanamke, simu unaiweka wapi?" Mumewe alikuwa anahema. "Nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi."

"Ulimchoma Mama asubuhi?"

"Nilimchoma, ndiyo. Si nilikwambia pale mlangoni? Nilikwambia umechelewa, nimeshamchoma, kanywa chai, mkate kaukataa, mimi natoka. Ukasema sawa."

"Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa, asante. Halafu ukaniita Daktari. Nikajisikia vizuri, sikutaka kukusahihisha."

"Anafanya nini sasa hivi?"

"Ametulia. Ndiyo maana napiga! Tangu nimerudi hajanitukana. Nimeangusha kikombe chake makusudi, kimya. Anatoka jasho, ukimwuliza jambo anakutazama tu kama hakujui."

Sista aliegemea ukuta. Nyuma yake Mtaalamu alikuwa anaeleza faida za maji.

"Nilimchoma tena," akasema.

Kwenye simu kulisikika kikombe kikianguka tena, safari hii si makusudi.

"Sista," mumewe alisema polepole, "tena vipi?"

"Sukari! Koroga kwenye maji. Anameza?"

"Anameza. Kidogo."

"Mpe kidogo kidogo. Ukiona hamezi, acha, usimmiminie, atapaliwa. Mpake sukari kwenye ufizi kwa kidole. Na umlete, sasa hivi."

"Nimlete na nini?"

"Na chochote chenye matairi!"

*

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chombo chake cha kazi kilikuwa pikipiki ya matairi matatu, yenye bodi ya chuma nyuma ya kubebea mizigo. Asubuhi hiyo ilikuwa imebeba friji la mwenye duka la vinywaji, na hapakuwa na muda wa kulishusha. Ndiyo maana Bi Mkubwa, mama yake Fundi, mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukubali kukaa nyuma ya mtu, aliingia hospitalini akiwa amefungwa kamba ubavuni mwa friji, kichwa kimelala juu ya mlango wake kama wamechumbiana.

"Mizigo inapitia geti la nyuma," mlinzi akasema.

"Mzigo ni huu mweupe," Fundi akajibu. "Huyu mwingine ni mama yangu. Fungua geti kabla sijakupitia wewe."

Mlinzi aliwatazama wote wawili, akapima, akafungua.

Sista alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha dharura. Aliwahi kupokea watu wengi mlangoni pale: waliogongwa, waliokunywa sumu, waliojifungua njiani. Alimbeba Bi Mkubwa kwapani na kuingia naye moja kwa moja, akachukua kipima sukari, akachukua sindano ya dripu, akatafuta mshipa mara mbili bila kuupata.

"Lete hapa," akasema Tabibu wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ambaye naye alikuwa ameunga. "Nenda nje."

"Mimi ni muuguzi wa hapa."

"Leo wewe ni ndugu wa mgonjwa. Ndugu subirini nje, tutawaita."

Maneno hayo Sista alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Hakujua kwamba yana mlango ndani yake, na kwamba mlango huo unapofungwa unausikia mpaka kwenye meno. Akatoka. Akakaa kwenye lile benchi refu la mbao ambalo kwa miaka amekuwa akiwaambia watu wasilalie.

Kutoka nyuma ya pazia alisikia kipima sukari kikilia na Tabibu akisema, "Hii hata namba haitoi." Alijua maana yake: sukari imeshuka mpaka mashine haiwezi kuisoma. Fundi hakujua, na Sista hakumwambia.

"Nilikwambia kweli," Fundi alisema, akitazama mikono yake yenye grisi. "Sisemi kukulaumu. Lakini nilikwambia, nikakutazama machoni, na ulikuwa umefumbua."

"Najua."

"Uliniitikia kabisa."

"Fundi, najua."

"Basi. Nilitaka tu ijulikane."

Wifi akafika, dada yake mkubwa Fundi, aliyekuwa amepigiwa simu na kuelezwa yote, akiwa na rola kichwani na taulo la saluni mabegani. Hakusalimia.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza ulipoletwa nyumbani nilimwambia Mama, huyu anatazama watu kama anatafuta mshipa. Mara mbili! Mtu mmoja, sindano mbili! Nyumba nzima ina mgonjwa mmoja, hukuweza kumhesabu?"

"Dada, taratibu," akasema Fundi.

"Usiniambie taratibu. Atasema amechoka. Nani hajachoka? Mimi hapa nimekaa kwenye kiti cha saluni tangu asubuhi, shingo inataka kukatika. Nimemchoma mtu?"

 Kwa kweli lilikuwa swali zuri.

Pazia likavutwa. Dripu ya glukosi ilikuwa inashuka, na Tabibu alikuwa anajifuta uso kwa kiwiko. Bi Mkubwa alikuwa amefumbua macho. Aliyatembeza juu ya dari, juu ya rola za binti yake, mpaka yakatua kwenye mkono uliokuwa umeshika mguu wake.

"Nani ananishika?"

"Mimi, Mama," akasema Fundi, na sauti ikamkatika.

"Kanawe."

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja, jambo lisilopendeza kulitazama. Wifi akamsogelea mama yake na kumwinamia. "Mama, unajua umefanywa nini? Umechomwa mara mbili! Amekuchoma mkweo!"

"Najua, nilikuwepo," Bi Mkubwa alijibu kwa shida. "Nilimwuliza, tena? Akaniambia, tulia bibi, wewe ndiye kitanda cha mwisho, nakabidhi zamu." Akavuta pumzi. "Nikadhani ni dawa mpya. Hawa watu hawaelezi."

 Sista alikuwa hakumbuki kusema maneno hayo. Alikumbuka pamba, alikumbuka "tena," lakini kitanda cha mwisho hakukikumbuka kabisa. Alikuwa amesimama sebuleni kwake, mbele ya makochi yake na picha yake ya harusi, akiwa wodini.

*

Katibu alikuja akifuata habari ya kapu. Alikuwa na mgeni rasmi wa kumsindikiza na utaratibu wa kuutetea, na aliingia chumba cha dharura akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Lakini aliposikiliza maelezo ya Tabibu, uso ule ukalainika, ukatandazwa, ukawa karibu na furaha.

"Kumbe limetokea nyumbani," akasema. "Poleni. Poleni sana kwa jambo la nyumbani."

"Nilikuwa nataka kuandika sababu," akasema Tabibu. Alikuwa ameshika kalamu bila kuandika, na alimtazama Sista kwa huruma ya mtu anayejua kuwa kesho ni zamu yake. "Naweza kuandika kwamba mgonjwa hakula vizuri baada ya sindano. Mkate aliukataa, si ndiyo? Ni kweli tupu. Hutokea kila siku."

"Andika hivyo," akasema Katibu.

"Na sindano ya pili?" Wifi akauliza.

"Mama, tusiingie sana kwenye mambo ya kitaalamu." Katibu akamgeukia Sista na kushusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na wote walisikia. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mpya uko mezani kwangu, unangoja saini tu. Sioni sababu ya kuuchanganya na habari za sebuleni kwako. Nenda kapumzike. Jioni uje, Metroni amesema wodi haina mtu."

Fundi alimtazama mkewe. Alijua mkataba ule ulivyosubiriwa, alijua nyumba yao inavyokula, na alimpiga kwa kiwiko kidogo, kama kusema: itikia, mama, tuondoke.

Ilikuwa rahisi mno. Bi Mkubwa alikuwa hai na anaagiza watu wakanawe. Tabibu alikuwa na sentensi ya kweli. Kilichobaki kilikuwa ni Sista kusema sawa, na sote tunajua jinsi alivyokuwa hodari wa kusema sawa.

Lakini kitanda cha mwisho kilikuwa kimemkaa kichwani. Ikiwa asubuhi ile sebuleni alikuwa wodini, basi wodini alikuwa wapi?

Wodi yao ilikuwa na desturi ambayo haikufundishwa chuoni. Alfajiri, kabla ya kuzunguka na trei ya sindano, muuguzi wa usiku alisaini kwanza chati zote. Kitanda kwa kitanda, dawa imetolewa, dawa imetolewa, saini, saini. Kisha ndipo alipokwenda kutoa. Haukuwa udanganyifu, wala hapakuwa na mtu aliyeuona hivyo. Wa mchana wakifika hukuta chati zimekamilika, Metroni hafoki, na muuguzi anaondoka mapema kidogo. Kila mmoja alifanya hivyo, na kila mmoja aliyemfundisha mgeni alianza na hapo. Na ilikuwa desturi nzuri, mradi tu mtu asilale kati ya kalamu na sindano.

Sista alikumbuka kusaini. Alikumbuka kitanda cha kwanza, na kile cha karibu na sinki. Baada ya hapo alikumbuka mlango wa nyumbani kwake.

"Katibu," akasema, "naomba wodini kwetu wapimwe sukari. Wote wenye sindano ya asubuhi."

"Kwa nini? Hukuwachoma?"

"Sijui."

"Chati umesaini?"

"Zote."

Katibu akatabasamu kwa nafuu. "Basi waliochomwa wamechomwa."

"Nilisaini kabla. Huwa tunasaini kabla, ndipo tunachoma."

"Mnasaini?" Katibu alirudia. "Nani, mnasaini?"

Tabibu alianza kuchunguza dari kana kwamba limeugua.

"Mimi," akasema Sista. "Andika mimi. Lakini wapimwe sasa, kabla chakula cha mchana hakijapita."

"Sista, nakuomba unisikilize vizuri," Katibu akasema. "Ukishalisema hilo mbele ya watu, mimi siwezi kukusaidia tena."

"Usinisaidie. Wapimeni."

Wifi, ambaye alikuwa ameandaa maneno mengi mengine na baadhi yalikuwa mazuri sana, aliyaweka akiba. Fundi aliacha kupiga kiwiko. Na kwa kuwa Katibu aliendelea kusimama akifikiria kamati ipi inahusika, Tabibu alichukua kipima sukari mfukoni mwake na kutoka kuelekea wodini akikimbia, viatu vikipiga sakafu.

Walimkuta mzee mmoja wa kitanda cha pembeni. Sukari yake ilikuwa imepanda mbali, na alikuwa ameanza kuongea na watu waliokufa. Majirani zake walidhani anasali, nao wakaitikia amina. Chati yake ilikuwa safi, imesainiwa vizuri, mwandiko wa kupendeza. Alichomwa, akawekewa maji, na kufikia jioni alikuwa ameachana na marehemu na anadai blanketi lake.

Barua ya Sista ilitoka siku hiyo hiyo, jambo lililoonyesha kwamba hospitali inaweza kufanya haraka ikitaka. Alisimamishwa kazi hadi uchunguzi ukamilike, kwa kosa la kuhudhuria kazini akiwa amechoka bila kutoa taarifa kwa mkuu wake. Cheti cha semina hakupewa, kwa kuwa aliondoka kabla ya neno la shukrani.

*

Alilala. Hapana njia ya heshima ya kueleza alivyolala. Alilala na kiatu kimoja, uso umezama kwenye mto, mkono ukining'inia nje ya kitanda kama wa mtu aliyetupwa na gari. Fundi aliingia mara kadhaa kuhakikisha anapumua, halafu akatoka kwa ncha za vidole.

Bi Mkubwa aliruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake asubuhi. Miaka yote alikuwa na maoni thabiti kuhusu mwanamke anayelala jua likiwa juu, na aliyatoa kwa sauti, kwenye korido, hasa baada ya zamu za usiku. Siku hiyo alivuta kiti, akakiweka mlangoni mwa chumba cha mkwe wake, akakaa. Fundi alipowasha mota ya friji la mwenye duka kujaribu kama limepona, alisikia, "Zima hicho kidubwana." Akakizima.

Alasiri, Mrefu alibisha hodi. Alikuwa na sare ya jana, na alilazimika kuinama kuingia, na akishainama hakuwa na nguvu ya kuinuka.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa na Katibu," akasema. "Sista yupo?"

"Marahaba. Si amemfukuza?"

"Amemsimamisha, mama. Sasa kule kusimamishwa nako kumesimamishwa kidogo, kwa usiku mmoja. Hakuna mtu. Mimi nimeshaunga, nikaunga tena." Alimtazama Fundi. "Katibu anasema akija usiku wa leo, kesho anasaini mkataba, na uchunguzi utajimaliza wenyewe."

Fundi alimeza mate. Alitazama mlango, akamtazama mama yake.

Mlango ukafunguka. Sista alisimama amejifunga shuka, alama za mto zimemchora shavuni. Alikuwa amesikia yote.

"Mwambie siji."

"Niseme unaumwa?" Mrefu aliuliza kwa matumaini. "Ukiumwa anaweza kuelewa."

"Siumwi. Nimechoka."

"Hiyo haikubaliki, Sista, unajua. Haina hata mahali pa kujaza."

"Basi mwambie hivyo hivyo, nimechoka, na kwamba nikija nitaua mtu. Na wewe ukirudi utaua mtu. Mwambie nimesema kwa sauti."

"Na mkataba?"

Sista alimtazama mumewe. Fundi alijikuna shingo, akaangalia friji, kisha akainua mabega. "Mafriji yanaharibika kila siku," akasema. "Kalale."

Akarudi, na kitanda kikalia mara moja tu.

Mrefu alisema kwamba atapumzisha miguu dakika moja, halafu apeleke jibu. Alikaa kwenye kochi. Akasema, "Unajua, mama, kazi yetu hii..." na sentensi ikabaki hapo hapo, mdomo wazi, shingo imekatikia nyuma. Fundi alimvua viatu. Bi Mkubwa akamfunika kwa taulo la saluni alilolisahau Wifi.

Simu ikalia mfukoni mwa Mrefu. Hakutikisika. Ikakata, ikalia tena. Bi Mkubwa akaichomoa kwa vidole viwili na kuibonyeza Fundi alipomwelekeza.

"Mrefu! Umempata?"

"Mrefu amelala."

"Amelala wapi? Nani anaongea?"

"Mgonjwa wenu wa sindano mbili."

Katibu akakohoa. "Aa, mama! Shikamoo. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Sina nafasi, ninao wagonjwa wawili hapa na wote hali si nzuri. Unataka nini?"

"Mama, nakuomba. Wodi haina mtu usiku huu. Metroni peke yake yupo, na yeye tangu jana. Niamshie mmoja tu. Yeyote."

"Yeyote?"

"Yeyote, mama, mradi awe mzima."

Bi Mkubwa alilitafakari ombi hilo. "Wewe jana ulilala?"

"Mimi? Nililala, nashukuru."

"Vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Umekula leo?"

"Nimekula, lakini mimi ni Ka—"

"Miguu yote ipo?"

"Ipo, mama, ila mimi ni Katibu, sijui hata..."

"Basi kakae na Metroni. Atakuambia nini cha kushika." Akakata simu. Ilipoanza kulia tena, hakujua kuizima, na Fundi alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kumsaidia, kwa hiyo aliitia ndani ya friji la mwenye duka na kufunga mlango polepole, asije akaamsha mtu.